Makofi ya Mnyororo wa Taifa

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwa woga. Ni kwa sababu ninapoandika haya jina lake liko mezani kwa kamati inayolipitia upya, nami sipendi kuandika jambo ambalo kesho nitalazimika kulifuta. Inatosha kusema kwamba ni nchi yenye mvua za kutosha, wizara za kuzidi, na watu wavumilivu. Mimi ni mmoja wa hao wavumilivu. Nimefundisha katika Shule ya Msingi Itandula tangu nilipotoka chuoni, na mbali na hesabu za darasa la tano, kazi yangu ni kupanga ratiba.

Mwanzoni mwa kiangazi, Wizara ya Mambo Yajayo ilitoa tangazo. Msomaji wa nchi nyingine huenda asiielewe wizara hii. Tunayo ya Mambo ya Ndani na tunayo ya Mambo ya Nje. Hii ya Yajayo iliundwa kwa ajili ya waheshimiwa waliokosa nafasi katika mambo yaliyopo. Tangazo lilisema kwamba serikali imeingia rasmi katika teknolojia ya blokcheni, kwamba litafanyika Kongamano Kuu la Blokcheni na Sarafu za Kidijitali, na kwamba kuanzia siku hiyo ardhi yoyote ya umma itatambuliwa ikiwa tu imeingizwa kwenye Mnyororo wa Taifa. Itakayoachwa nje itahesabiwa kuwa haina mwenyewe.

Shule yetu ina kiwanja nyuma ya madarasa. Hapo ndipo watoto wanapocheza na kupanga mistari asubuhi, na hapo ndipo wazazi walipofyatua matofali, wakayachoma na kuyapanga kando, tayari kwa madarasa mawili mapya. Darasa la kwanza wanasoma kwa zamu mbili kwa sababu hawana pa kukaa. Kwa hiyo kamati ya shule ilikutana siku ileile, na mwenyekiti wake, Bwana Ngaiza, akanigeukia.

"Mwalimu Kihwelo, utakwenda wewe."

"Mwenyekiti, mimi sijui lolote kuhusu blokcheni."

"Ndiyo maana. Usipojua, utasikiliza. Nikienda mimi nitajifanya najua, na kiwanja kitakwenda hivihivi ninakiona."

Nikafunga hati ya kiwanja ndani ya bahasha, nikapanga ratiba ya siku ambazo nisingekuwapo, nikasafiri.

*

Kongamano lilifanyika katika Ukumbi wa Kesho, ambao haujakamilika. Mlangoni niliulizwa na afisa wa itifaki, kijana mwenye suti iliyombana kwapani, mimi ni nani.

"Ni mwalimu."

"Nakuuliza kwa upande wa teknolojia, mzee wangu. Kuna Mbunifu, Mwekezaji, Mwonamaono na Mgeni Mwalikwa."

"Hakuna mshiriki wa kawaida?"

"Mwaka jana walikuwepo," alisema bila hasira. "Wakauliza maswali."

Aliniandika Mwonamaono, pengine kwa sababu ya miwani yangu. Akanivisha kitambulisho shingoni na bangili nyeusi ya plastiki mkononi, akaniambia bangili hiyo haivuliwi hadi Kongamano lifungwe.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa amesimama mama mnene mwenye kilemba cha kijani, Bi. Tumpe, katibu wa chama cha wafuga nyuki wa milimani. Yeye aliandikwa Mwekezaji. Nilipomuuliza amewekeza nini, alisema amewekeza chupa moja ya asali kwa yule afisa wa itifaki, na kwamba hadi hapo ndiyo faida pekee ya teknolojia aliyokwisha kuiona.

"Na wewe, mwalimu, umeona maono gani?"

"Bado."

"Usijali. Hii foleni ikisogea namna hii tutayaona wote."

*

Kabla ya ufunguzi, sisi wageni wa mambo haya tulipelekwa katika darasa la wanaoanza. Mkufunzi wetu alikuwa Bwana Sifael, Mshauri Mkuu wa Mnyororo, kijana mwenye koti la suti na raba nyeupe. Nilikaa mbele, kalamu mkononi, kama ninavyowataka wanafunzi wangu wakae.

Ninakiri kwamba alieleza vizuri. Alisema mnyororo ni kumbukumbu za mambo yaliyokubaliwa, kila jambo likiwa limefungwa kwenye lililotangulia, hata haliwezi kuchomolewa wala kuguswa. Unaweza kuongeza, kufuta huwezi. Tena kumbukumbu hizo hazikai mahali pamoja. Zinatunzwa na kompyuta nyingi zisizotegemeana, ili asitokee mkubwa mmoja wa kuzichezea.

"Hizo kompyuta ziko wapi?" nikauliza.

"Ziko humu humu ukumbini, chumba cha chini. Serikali imelizingatia sana suala la kutotegemeana. Kila moja ina meza yake."

Baadaye niliziona. Kila moja kweli ilikuwa na meza yake, na zote zilikuwa zimechomekwa kwenye waya mmoja, uliopita dirishani na kuelekea ofisini kwa Waziri.

Ndipo akafika kwenye jambo lililomfurahisha kuliko yote. Katika nchi nyingine, alisema, ili jambo likubalike kwenye mnyororo, mashine hushindana kukokotoa hesabu kubwa mno, na hula umeme wa kulisha mji. "Sisi umeme huo hatuna. Wataalamu wetu wakajiuliza: taifa hili lina nini kwa wingi, kisichokatika, kisichohitaji mafuta wala bwawa? Wakapata jibu. Makofi."

Akainua mkono wake uliokuwa na bangili. Bangili, alisema, huhisi makofi. Jambo likitamkwa jukwaani na washiriki wakapiga makofi, kila bangili hutuma ridhaa ya mwenye mkono, na jambo hilo hufungwa kwenye Mnyororo wa Taifa milele.

Nikanyoosha kalamu. "Samahani, Bwana Sifael. Na mtu akiingiza uongo?"

"Utakuwa uongo ambao hakuna binadamu yeyote anayeweza kuubadilisha," alinijibu kwa fahari. "Huo ndio uaminifu wa mfumo."

Darasa zima likapiga makofi. Nikaona taa ndogo za kijani zikiwaka kwenye mikono yote, pamoja na wangu.

*

Kisha akaingia Mheshimiwa Daktari Bakenga, Waziri wa Mambo Yajayo. Udaktari wake ni wa heshima, aliotunukiwa na chuo ambacho kiko mbioni kujengwa. Tulisimama, tukaketishwa, tukasimamishwa tena kwa kuwa wapiga picha hawakuwa tayari, halafu tukaketi kabisa.

"Waheshimiwa sana," alianza, "waheshimiwa wa wastani, na ninyi wananchi. Wapo wanaosema nchi yetu imechelewa. Ninataka niwaambie leo bila kumung'unya maneno: hatujachelewa. Tuliwaacha wenzetu watangulie ili tuone wataangukia wapi."

Makofi.

"Zamani, ukweli wa nchi hii ulikuwa unabadilika kila serikali inapobadilika. Ilikuwa gharama kubwa sana kwa wachapaji. Kuanzia leo ukweli utaandikwa mara moja tu, na utaandikwa na sisi."

Makofi. Mshereheshaji, mwanamume mwenye sauti ya kuuza dawa za mifugo sokoni, alisimama pembeni na kudai mengine ya nyongeza, akapewa.

"Serikali hii haitakubali hata mwananchi mmoja abaki nyuma ya wakati ujao. Atakayebaki atafuatwa."

Hotuba iliendelea. Palikuwa na sehemu ya mafanikio, sehemu ya changamoto ambazo zimeshakuwa mafanikio, na sehemu ya mafanikio ambayo wasiotutakia mema wanayaita changamoto. Joto lilipanda, kwa kuwa upande wa dari uliokamilika ni ule wa jukwaani tu. Kisha Waziri akaanza kusoma viambatisho. Sauti yake ikawa nyembamba na ya haraka, kama ya mtu anayesoma masharti ya tiketi. Mbele yangu watu wawili walikuwa wamelala wima, ustadi ambao watumishi wa umma wa nchi yetu hujifunza mapema. Mimi sikulala. Nilikuwa nikiwaza nani atashika kipindi changu cha nne, maana mwalimu wa sayansi hana mpango na akiachiwa darasa hulitoa nje kuokota mawe. Kila kiambatisho kilipofika mwisho mshereheshaji aliinua mkono, nasi tukapiga makofi. Wale watu wawili walipiga bila kuamka.

Bi. Tumpe aliinama sikioni kwangu. "Ulisikia alichosoma hapo?"

"Sikusikia vizuri. Wewe?"

"Nilisikia neno 'hekta'. Kisha nikasikia makofi."

*

Wakati wa chai ndio uliokuwa pia wakati wa posho. Washiriki wenye uzoefu walikuwa wameshajipanga kwenye meza ya bahasha, wakitazamana kwa upendo. Lakini siku hiyo hapakuwa na bahasha. Mhasibu alimpa kila mtu mkono, akamwambia imeshaingia.

"Imeingia wapi?" aliuliza Bi. Tumpe.

"Kwenye bangili, mama. Posho ya leo inalipwa kwa sarafu yetu wenyewe ya kidijitali. Inaitwa Tumaini."

"Ni kiasi gani kwa hela za kawaida?"

"Inategemea unauliza saa ngapi."

"Ninauliza sasa hivi."

Mhasibu alitazama simu yake, akaifunika kwa kiganja. "Ungeuliza mapema kidogo," alisema kwa huruma.

Muuza maandazi wa nje ya geti hakuipokea. Hata wahudumu wa chai wa Kongamano lenyewe hawakuipokea. Bwana Sifael alipita katikati yetu na raba zake nyeupe, akitusihi tusiwe na haraka ya kutumia. Siri ya sarafu hizi, alisema, ni kushikilia. Anayeshikilia ndiye anayetajirika. Shikilieni tu.

"Nimeshikilia toka chai ianze," alisema Bi. Tumpe, "mkono umechoka, na nilichoshika sijakiona. Mwalimu, una hata andazi la jana humo kwenye begi?"

Nilikuwa nalo. Tukaligawana.

*

Nikaenda kwenye dawati la usajili wa ardhi kufanya kilichonileta. Binti aliyekaa hapo alikuwa na tableti mpya na adabu nzuri. Alinisalimia shikamoo kabla sijamsalimia, akapokea hati ya kiwanja, akaisoma kwa kidole, akaandika jina la shule. Kisha uso wake ukachangamka.

"Hongera, mwalimu. Kiwanja chenu kimeshaingia."

"Kimeingizwa na nani? Mimi ndiyo kwanza nimefika."

"Kimeingia asubuhi hii, kwenye hotuba ya ufunguzi, kiambatisho cha mwisho. 'Eneo la wazi lililo nyuma ya Shule ya Msingi Itandula, pamoja na matofali yote yaliyomo, linamilikishwa kwa Mheshimiwa Daktari Bakenga, kwa niaba ya vizazi vijavyo.'"

Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Maandishi kwenye tableti yake yalikuwa yaleyale.

"Dada yangu, hilo ni kosa. Vizazi vijavyo tunavyo sisi pale shuleni. Vinasoma kwa zamu."

"Si kosa, mwalimu. Limekubaliwa na washiriki wote." Akapitisha kidole kwenye kioo, majina yakawa yanapanda kama maji ya mfereji, kisha akasimamisha. "Na wewe hapa. Kihwelo, Mwonamaono. Ridhaa yako ilikuja nzuri sana. Makofi yako yana nguvu."

Ni kweli. Kazi ya chaki hukomaza viganja.

Sikumbuki vizuri jinsi nilivyoondoka pale. Ninakumbuka nilikuwa nikifikiria uso wa Bwana Ngaiza, na wazazi walioyafyatua matofali yale Jumamosi hadi Jumamosi baada ya shughuli zao, na jinsi nitakavyoanza kueleza kwamba tumenyang'anywa kiwanja, na kwamba katika kunyang'anywa huko mimi nilikuwepo na nilishangilia.

Nilimkuta Bwana Sifael akipigwa picha. Alinisikiliza kwa upole.

"Kufuta haiwezekani, mwalimu. Hata mimi siwezi. Hata Mheshimiwa mwenyewe hawezi. Ndiyo uzuri wake."

"Lakini ulisema mtu anaweza kuongeza."

"Kuongeza, ndiyo. Mwenye mali anaweza kumpa mtu mwingine. Litamkwe jukwaani, na yeye mwenyewe mwenye mali apige makofi. Bangili yake ikiwaka, imekwisha. Ila," aliongeza akirekebisha koti kwa picha inayofuata, "sijui kwa nini Mheshimiwa apige makofi ya namna hiyo."

Nilirudi kukaa. Nikamweleza Bi. Tumpe yote, kwa utaratibu, kutoka mwanzo. Hakunipa pole. Alijikuna chini ya bangili.

"Mwalimu, nani atatoa neno la shukrani?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Kwa sababu sisi milimani tumefanya mikutano mingi, na sijapata kuona mtu akisikiliza neno la shukrani. Watu wanatafuta viatu vyao chini ya viti. Lakini makofi wanapiga, tena kuliko ya mwanzo, maana ndiyo yanayofungua mlango. Na wa kwanza kupiga huwa mgeni rasmi."

Nilimtazama. Naye alikuwa akitazama jukwaani kana kwamba amezungumzia hali ya hewa.

Mshereheshaji wakati huo alikuwa anapita kati ya viti akitafuta mtu wa kutoa neno la shukrani, na watu walikuwa wakiinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Kwa kawaida mimi hukubali kazi hii kwa kuchoka tu. Walimu wa nchi yetu hupewa maneno ya shukrani kama wengine wanavyopewa kubeba viti. Siku hiyo nilisimama kabla hajanifikia.

"Mwalimu? Safi sana," alisema. "Una dakika mbili. Usimsahau mtu."

"Sitamsahau mtu," nikamwahidi.

*

Nilipanda jukwaani, nikashika kipaza sauti. Waziri alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mgongo mrefu, simu sikioni, akimwuliza mtu wa upande wa pili kama samaki wamefika. Ukumbini watu walikuwa wameanza kusimama nusu.

Nilianza na itifaki yote, polepole, kama inavyostahili. Nilimshukuru Mungu, nikaishukuru serikali, nikaushukuru Ukumbi wa Kesho kwa sehemu iliyokamilika. Niliwashukuru wapishi, ambao hatukuwaona. Nilipohakikisha kwamba hakuna aliyekuwa pamoja nami tena, niliendelea kwa sauti ileile, bila kuipandisha wala kuishusha, kama tunavyofundishwa kusoma imla.

"Mwisho, na kwa namna ya pekee, tunamshukuru Mheshimiwa Daktari Bakenga, ambaye leo, kwa moyo wake wa ukarimu, anaikabidhi Shule ya Msingi Itandula kiwanja chote kilichomilikishwa kwake asubuhi, pamoja na matofali yote yaliyomo, kiwe mali ya shule hiyo daima. Ahsanteni kwa kunisikiliza."

Ukumbi ulilipuka. Taa za kijani zilienea kutoka ukuta hadi ukuta. Waziri akasikia makofi, akakata simu, akainua mikono yake kuongoza shangwe kama ilivyo desturi ya mgeni rasmi. Na hapo hapo vijana wawili wa itifaki wakapanda jukwaani na ngao ya mbao yenye ramani ya nchi, zawadi ya Kongamano, wakamwekea mikononi. Ilikuwa ngao nzito. Aliishika kwa mikono yote miwili, akatabasamu kwa wapiga picha, akatikisa kichwa kutushukuru.

Kichwa hakina bangili.

Makofi yalianza kupungua. Mimi nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti. Nilijaribu kukumbuka mtu yeyote ambaye sikumshukuru, na sikumpata.

Ndipo nikaona kilemba cha kijani kikipanda ngazi. Bi. Tumpe alikwenda moja kwa moja hadi kwa Waziri, akapiga goti kidogo, akanyoosha mikono, kama mama yeyote wa nchi yetu anavyomwendea mtu aliyeelemewa.

"Nikupokee, mwanangu. Umechoka."

Katika nchi yetu, mtu akisema nikupokee, mzigo hutoka wenyewe. Sijawahi kumwona aliyekataa, awe mwizi au jaji. Waziri alimwachia ngao. "Ahsante sana, mama," alisema, na kwa kuwa mikono ilikuwa wazi, na makofi yalikuwa bado yanasikika, na yeye ni mtu wa jukwaani toka ujana wake, akapiga.

Taa ya bangili yake iliwaka kijani. Ilichelewa kidogo, kama mwenyewe, lakini iliwaka.

"Mzigo huu ni mzito," aliniambia Bi. Tumpe tulipokutana chini ya ngazi, akiwa bado amekumbatia nchi yetu kifuani. "Nani anauchukua sasa?"

*

Ningependa kuishia hapo, kwa kuwa ni mahali pazuri pa kuishia somo. Lakini ratiba ni ratiba.

Kiwanja kilirudi, na Mnyororo ulisema hivyo kwa maandishi yasiyofutika. Waziri alipogundua, inasemekana aliagiza jambo hilo lifutwe, na Bwana Sifael akamweleza kwa machozi kwamba haiwezekani, maana yeye mwenyewe Mheshimiwa ndiye aliyeutangazia ulimwengu kwamba haiwezekani. Kisha likatoka tangazo jipya. Lilisema serikali inauheshimu Mnyororo wa Taifa na haitaugusa, kwa sababu haubadiliki; na kwamba kwa sababu haubadiliki, serikali imeamua kununua mwingine. Ule wa kwanza utahifadhiwa katika Jumba la Makumbusho, ambako wanafunzi watauona kwa kiingilio nafuu. Wenye sarafu za Tumaini waliombwa waendelee kushikilia.

Safari hii wananchi wasingesumbuliwa kusafiri. Kongamano lingewafuata walipo, shule kwa shule, likiwa na bangili zake, kuingiza ardhi upya.

Bwana Ngaiza aliniletea tangazo hilo darasani, akalisoma mlangoni.

"Kwa hiyo wanakuja hapa," alisema.

"Wanakuja hapa."

"Na watu wetu unavyowajua, mwalimu. Hata gari la maji taka likipita wanapiga."

Hiyo ilikuwa kweli, na sikuwa na la kufanya ila kazi ninayoijua. Nikaandaa somo. Kila Jumamosi wazazi walikuja kiwanjani, wakaketi juu ya matofali, nami nikasimama mbele yao nikawasomea chochote nilichonacho, gazeti, maelezo ya mbolea, kwa sauti ya hotuba. Zoezi lilikuwa moja: mikono magotini mpaka nimalize, kisha aulizwe mmoja, kimesemwa nini. Lilikuwa somo gumu kuliko yote niliyofundisha. Sauti ikipanda kidogo tu mikono ilipaa yenyewe. Mzee mmoja aliniambia kwa huzuni kwamba amepiga makofi tangu bendera ya kwanza, na kwamba viganja vyake sasa havimwulizi. Mama mmoja alikaa akiwa amekalia mikono yake.

"Na tukisikia jambo zuri kweli?" aliuliza.

"Mtapiga. Baada ya kulielewa."

"Basi tutakaa sana," alisema.

*

Walikuja siku ya Jumatano, saa za kipindi cha tatu. Hakuja Waziri, alikuja afisa wake, yule kijana wa suti ya kubana, aliyepandishwa cheo. Wazazi walivishwa bangili, mimi pia. Kipaza sauti kilifungwa juu ya paa la gari.

Afisa alitushukuru kwa mapokezi. Alieleza kwamba Mnyororo wa pili ni imara kuliko ule wa kwanza, ambao nao ulikuwa imara kabisa. Alisifu matofali. Kisha akatoa karatasi na kuanza kusoma kiambatisho, na sauti yake ikawa nyembamba, ikakimbia. Nilisikia "eneo la wazi". Nilisikia "vizazi". Akafika mwisho, akakunja karatasi, akainua mkono.

Hapakuwa na sauti yoyote. Mbuzi mmoja alilia upande wa jikoni, akanyamaza.

Afisa alisubiri. Alitabasamu, akatazama bangili yake kana kwamba huenda imeharibika. "Makofi, wananchi," alisema.

Mikono ilikuwa magotini. Ya yule mzee ilikuwa imekamatana, lakini ilikuwa magotini.

Kisha yule mama aliyekuwa akikalia mikono yake aliutoa mmoja, akaunyoosha juu kama mwanafunzi.

"Baba, samahani," alisema. "Umesoma vizuri ila umekwenda mbio. Hebu turudie pale pa kiwanja. Taratibu."

Afisa alitazama gari, akamtazama dereva, ambaye aliangalia kando. Akaikunjua karatasi. Akasafisha koo, akaanza tena kutoka juu, neno moja baada ya jingine, na kila alipofika mwisho wa sentensi alitua na kututazama, nasi tukamtazama, tukisubiri sentensi inayofuata.